Futi Kumi na Mbili

Harufu ya sementi mbichi huwafurahisha wanaojenga. Mimi hainifurahishi. Hunirudisha kwenye nyumba yetu ya Mabatini, mwaka niliotimiza miaka tisa, katika chumba cha kijani alimokaa shangazi Fausta, dada yake baba. Shangazi alikuwa fundi cherehani hodari. Hakuhitaji kuchora: alifumba macho, akaliona gauni zima mbele na nyuma, ndipo akakata kitambaa. Macho hayohayo ya ndani ndiyo yaliyomgeuka. Alianza kusikia watu wasiokuwepo, na kuona kuta zikimsogelea, hasa ukuta wa upande wa barabarani. Mara mbili alitoroka, akakutwa kwenye mawe ya ziwani, amelowa chapachapa. Baba akatia komeo kwa nje. Majirani walisema amerogwa; sisi watoto tulicheka, ujinga wetu.

Dawa niliipata mimi, au ndivyo nilivyojidanganya. Siku moja alipiga kelele kwamba ukuta umefika kitandani. Nikachukua futikamba ya baba, ile ya chuma inayojikunja yenyewe, nikamwomba ashike ncha, nikasoma: futi kumi na mbili. Kesho yake tukapima tena: kumi na mbili. Alishusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya shule, yeye alishika ncha ukutani nami nikasoma upande wa pili, maana alisema namba humchezea akizitazama mwenyewe.

"Stela, ni ngapi?"

"Kumi na mbili, shangazi."

"Basi ni macho yangu tu," alisema, akanywa uji. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini yeye alikubali kuambiwa na mtoto. Nilijivuna sana.

Ndipo baba akapunguzwa kazini kiwandani. Miaka ile ya biashara huria, kila mwenye ukuta wa barabarani aliutoboa akafungua duka, na baba naye hakutaka kupitwa. Shangazi akapelekwa kwa meli hadi Nansio, ng'ambo ya ziwa, akae kwa bibi wiki mbili. Huku nyuma ukuta mpya ulisimama ndani ya chumba chake, ukapakwa kijani kilekile, na upande wa pili baba akapanga sabuni, chumvi na madaftari. Siku ya meli kumrudisha shangazi, baba aliniita pembeni. "Ukimwambia ukuta umesogea kweli, hatatulia tena maisha yake. Wewe sema kumi na mbili." Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na sote tulihitaji kula.

Asubuhi iliyofuata futikamba ilisoma nane na nusu.

"Leo umekuja karibu kabisa," shangazi alisema. "Nasikia hata harufu yake. Ni ngapi?"

"Kumi na mbili."

Akauliza tena, nikarudia. Alinitazama bila hasira, akaachia ncha, futikamba ikajirudi kwa kasi ikanichana kidole. "Basi mimi ndio nimekwisha," akasema. Hakuniomba tena kupima. Mama alipomletea kitambaa alikirudisha, akasema haamini chochote akionacho, hata gauni. Nilitamani kusema kweli kila siku, na kila siku nilizidi kushindwa, maana sasa ningekuwa mwongo mbele yake na msaliti mbele ya baba.

Siku hizi ugonjwa wake tunaujua kwa jina, skizofrenia, na una dawa. Anaishi Nansio, katika chumba kisichofungwa, anakwenda sokoni peke yake. Baba alimfungia kwa komeo. Mimi nilimfungia kwa namba, na hiyo ndiyo iliyodumu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinichukua miaka karibu thelathini, hadi mwaka jana nilipovuka kumsalimu, nikampa shikamoo, nikamweleza yote: duka, rangi, nane na nusu.

Kiganja chake kilipapasa ukuta, kama anavyofanya mpaka leo kila anapoketi. Nilisubiri anifukuze.

"Kumbe niliona sawa," akasema, akaanza kulia. "Stela, kumbe siku ile niliona sawa."