Porter ya Bwana Roy

Kimea cha shayiri kikikaangwa hadi kiwe cheusi hutoa harufu ya ukoko wa ugali uliomwagiwa kahawa chungu. Mwezi uliopita, katika baa moja ya Parramatta, hapa Australia, harufu hiyo ilinirudisha mtaa wetu wa zamani wa Toongabbie nikiwa na miaka tisa, nikimchukia jirani yetu kwa moyo wote.

Bwana Roy alikuwa Mwingereza aliyepika bia nyeusi gerejini kwake. Alidai fensi yetu imeingia kwake futi moja. Nilipima kwa unyayo mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa amesema kweli, mara ya pili sikulipenda jibu. Sasa, nawaambia ninyi tu, ndani ya futi hiyo ndimo Bibi, mama yake Baba, alimopanda matembele, mashina thelathini na mawili, na ndiyo yaliyomfanya aache kuulizia ndege ya kurudi Arusha.

Jumamosi moja mchana Bwana Roy akaja na chupa tatu za porter, ile bia yake nyeusi. Masharti yake hata mimi ningeyakubali bila kuvutana: wanywe pamoja, fensi ibaki ilipo.

Baba akanikabidhi chupa. "Mwanangu, tia kwenye friza."

"Hapana, hapana!" Bwana Roy akasema. "Hii hainywewi ya barafu. Inataka ubaridi wa kivulini tu. Ukiigandisha umeiua: chokoleti huisikii, zabibu kavu huzisikii, unabaki na uchungu."

"Hapa Australia tunakunywa baridi."

"Nina miaka arobaini hapa!"

"Basi ungekuwa umeshajifunza. Mwanangu, friza."

Bibi, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, hakujua Kiingereza. Aliita mara moja tu, kwa ukali: "Elia!" Ndilo jina la Baba. Baba hakugeuka.

Tukakaa saa nzima kama matangani. Chupa zikatoka zimefunga ukungu. Baba akamimina, kisha akatumbukiza barafu, vipande vinne. Bwana Roy akaitazama glasi kama mtu aliyeitwa kutambua maiti, akasimama, akaenda zake.

Wiki iliyofuata wapima ardhi wakaja. Fensi ikasogezwa, matembele yakang'olewa yote. Bibi akanuna. Mwaka mzima hakula nasi mezani. Nikaamua kumlipizia: kila konokono niliyemwokota nilimrusha kwa Bwana Roy, kila mmoja na laana yake.

Turudi Parramatta. Baba, sasa mvi tupu, ndiye aliyeagiza ile porter. Akaikumbatia glasi kwa viganja viwili akingoja baridi iitoke. Akanusa, akaonja kidogo.

"Unazisikia zabibu mwishoni?"

"Baba, kumbe unajua?"

"Mimi? Arusha nilikunywa ya moto, ambayo haijawahi kuliona friji, kabla sijamjua mama yako. Bibi yako ndiye aliyeniwekea chupa kabatini. Bia nyeusi kuitia barafu ni uhuni."

"Na siku ile?"

"Siku ile nilitaka akasirike." Akacheka.

Ndipo hesabu yangu ilipokubali. Bibi hakumnunia Mwingereza hata siku moja. Alimnunia mwanawe, aliyekijua kinywaji kile na thamani ya futi ile. Mwaka mzima alingoja neno moja la samahani, kisha akaacha kungoja, na tulipomzika neno lilikuwa bado halijasemwa.

Baba akamaliza, akaisukuma glasi tupu upande wangu, nimwagizie nyingine. Nikaiacha hapohapo, nikavaa koti.