Shimo la Golini

Harufu ya mafuta ya ng'ombe yaliyochacha bado inanipandisha hasira. Miaka ile maduka ya Bunda yalikuwa na rafu na muuzaji tu. Sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni, sembuse mpira. Baba alikuwa kocha wa chuo kidogo cha ualimu nje ya mji, ambacho sasa kimekufa, na mpira wa timu aliushona mwenyewe kwa ngozi, kwa sindano ya magunia. Kazi yangu ilikuwa kuupaka mafuta ambayo bibi alituletea kutoka Butiama, usije ukakauka na kupasuka. Kwa mpira huo mmoja aliwanoa vijana waliocheza pekupeku hadi vyuo vikubwa vikaanza kuwaogopa. Jambo moja tu lilimshinda. Kwetu timu ziliamini kwamba mtu hufungwa kwa dawa iliyofukiwa golini, na vijana wake walikuwa radhi kuruka ua wa uwanja kuliko kupita getini, wasije wakaikanyaga. "Dawa ni mazoezi," aliwaambia. Waliitikia, "Ndiyo, Mwalimu," kisha wakaruka ua.

Biashara zilipofunguliwa, mitumba ikaingia, na pamoja na mitumba akaja mpwa wa mkuu wa chuo, na suti yake ya michezo inayong'aa na mipira ya dukani. Asubuhi moja kwenye paredi, mkuu alimwita baba mbele akamvua filimbi shingoni kwa mkono wake. "Mpira wa sasa ni wa kisasa, Mwalimu. Hiyo ngozi mrudishie ng'ombe." Akamvisha mpwa wake. Wanafunzi wakacheka, hata wale waliokula ugali kwetu likizo nzima. Nilikuwa nimesimama kwenye ua na sare yangu ya shule. Baba alijishika shingo pale filimbi ilipokuwa, akaenda nyumbani. Nilimchukia yule mkuu kwa moyo wangu wote, na chuki hiyo sijaipunguza.

Tulihamia Mwisenge, Musoma, na baba akaacha kabisa kutaja mpira. Alikaa kibarazani kama mgonjwa. Ndipo Shabani, fundi cherehani wa mtaa wetu, alipopiga hodi. "Shikamoo, Mwalimu. Sisi tunachezaga tu, hatuna wa kutuelekeza. Njoo utuone." Baba akajibu kwamba yeye si kocha tena. Mama alikuwa amechoka na ule ukimya. "Basi hiyo ngozi nipe mimi," akasema, "nikashonee kandambili." Baba aliuchukua mpira chini ya kitanda akatoka nao. Akawafundisha mafundi na wauza samaki kila alfajiri, kabla hawajafungua biashara zao, na walipoiva akaomba mechi moja tu, kwenye uwanja wa chuo kilekile. Mkuu alikubali huku akicheka. Aliye juu mngoje chini.

Tulifika mchana, jua la utosi. Hakuna aliyenituma. Nilitembea peke yangu hadi goli la upande wa jiko, ambako mpishi wa chuo alikuwa dirishani akichambua maharage, nikapiga magoti kati ya milingoti, nikapapasa udongo, nikanong'ona tebo ya kuzidisha ya saba tuliyokaririshwa shuleni, nikajipangusa mikono, nikaondoka. Sikufukia hata punje. Hatujamaliza kula viazi vyetu, mpishi alikuwa amekwishapeleka habari, na mpwa wa mkuu alikuwa ameshika jembe. Walichimba goli lile hadi magotini, mkuu mwenyewe akihimiza, "Chimbeni, lazima ipo!" Hawakuona kitu, na ndipo wakaogopa zaidi, maana dawa isiyoonekana ndiyo kali. Wakafukia haraka haraka, na mvua ikaja kutoka ziwani. Baba akaniuliza, "Wanatafuta nini wale?" Nikamwambia sijui. Alinitazama, akalitazama tope, kisha akamwita Shabani. "Kipindi cha pili watalinda goli lile. Piga chinichini."

Kipindi cha pili kipa wao alisimama pale kama aliyekanyaga miiba. Shabani alipopiga, kipa alitaka kuruka lakini miguu ikabaki topeni, akaanguka kifudifudi, na mpira ukampita polepole, kila mtu akiuona. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Lilikuwa bao pekee, na lilitosha. Baba hakushangilia. Alivuka uwanja, akasimama mbele ya mkuu, akanyoosha kiganja. "Filimbi yangu." Mkuu akamvua mpwa wake, chuo kizima kikitazama, na safari hii hakuna aliyecheka ila mimi.

Siku hizi mtoto wa mtaa wa Mukendo ananunua mpira dukani, ukipasuka anatupa, na uwanja ule umekuwa malisho ya mbuzi. Baba tulimzika Butiama. Filimbi iko kwangu. Mkuu bado yu hai, anaishi Nyakato, hapahapa Musoma, na juzijuzi alinishika mkono sokoni. "Mwanangu, mimi ni wa kuondoka leo au kesho. Niambie, baba yako alifukia nini pale? Silalagi vizuri." Neno moja tu lingemtosha. Nilimwangalia shingoni, nikamwambia, "Shikamoo, mzee," nikaita bodaboda.