Kiti cha Siku ya Kuchoka

Unanijua, mimi si mtu wa kuingia dukani bila shida. Lakini juzi nilikuwa natoka Zone Industrielle, kule viwandani, kwa miguu, maana mabasi hayakuwa na mafuta, na magoti yakanigomea mbele ya duka la vyombo vya nyumbani. Barazani walikuwa wamepanga viti vya mbao: vifupi, miguu myembamba iliyotanuka kwenda nje, mgongo umelala kidogo, nakshi hakuna. Nilivitambua kutoka ng'ambo ya barabara.

Muuzaji, mama mmoja mwenye lafudhi ya Uvira, alinifutia kimoja kwa pindo la kitenge chake. "Ikala tu, mama, apana ogopa. Hizi ni za wakati ya Wabeleji. Sasa wazungu wanazitafuta sana." Nikakaa. Magoti yakanipanda karibu na kifua, kama mtu aliyechutama.

Basi nikamkumbuka babu. Ujanani mwake alifanya kazi katika karakana ya Mbelgiji, mjini, enzi zile ofisi na nyumba za wazungu zilipokuwa zikijazwa viti vya namna hii. Watu walikuwa wamechoka na makabati mazito yenye maua ya kuchonga. Walitaka kiti unachokiinua kwa mkono mmoja, kisichofuga vumbi, unachoona kwa macho jinsi kilivyoungwa. Uhuru ulipokuja, Mbelgiji akaenda zake, na babu akarudi mtaani kwetu Buyenzi na ufundi wote kichwani.

Ila kuna jambo aliloliongeza mwenyewe. Babu alipima kiti kama fundi cherehani anavyopima kanzu. Alikukalisha juu ya matofali, akavuta uzi kutoka kisigino hadi nyuma ya goti, akafunga fundo. Akavuta tena kutoka kiunoni hadi begani, fundo lingine. Misumari hakuitaka kabisa. Alisema kiti chenye msumari kimekwisha kukiri kwamba kimeshindwa. Uani kwetu kulinukia mbao ya libuyu iliyorandwa na gundi ya moto, na mimi kazi yangu ilikuwa kufagia maranda na kuyapeleka jikoni kuwashia mbabula, jiko letu la makaa.

Nyumbani alitengeneza viti vinne: chake, cha nyanya, cha mama, na changu. Mimi nilikuwa na miaka saba, lakini hakunipima. Alimpima nyanya, akaongeza upana wa kidole. "Huyu atakuwa murefu kupita nyanya yake," alisema. Nilipokikalia, miguu ilining'inia hewani. Nikalia kwamba kiti ni kikubwa, wenzangu watanicheka. Babu akanifuta machozi kwa mkono wenye vumbi la mbao. "Iki kiti si ya leo, mutoto wangu. Ni ya siku utachoka."

Nikakua, nikaanza kuvionea haya. Majirani walikuwa na makochi ya velveti, manene, yenye vitambaa vya kufuma mgongoni. Sisi tulikuwa na miti mitupu. Nilipofika miaka kumi na tisa, na wakwe wakawa wanakuja kuleta posa, nilimsumbua mjomba mpaka akaleta makochi. Viti vya babu tukavirundika uani, chini ya kibanda cha bati.

Siku ya posa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kuni zikalowa. Masufuria ya pilau yalikuwa yamekaa juu ya moshi, mchele haujaiva, na wageni wamekwisha toka kwao. Mpishi akapiga kelele anataka kitu kikavu, haraka. Babu alikuwa msikitini. Nani alisema "vunjeni vile viti"? Ni mimi. Hakuna wa kumsingizia.

Babu alirudi, akapita karibu na mafiga, akasimama kidogo. Kisha akaingia, akanawa, akala na wageni. Jioni aliniambia neno moja tu juu ya jambo lile: "Wali iliiva muzuri. Libuyu ikikauka aitoi moshi." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga, na kwetu mjukuu alikuwa mimi. Tangu babu atangulie mbele ya haki, nikiona kiti cha namna ile popote, nakipima kwa macho. Vingine vimetoka Ulaya, vingine ni vya ofisi. Hakuna hata kimoja kilichofungiwa uzi kwa ajili ya mtu.

"Iko muzuri, mama?" muuzaji aliniuliza.

"Nzuri," nikamwambia, "ila imepimiwa mutu mwingine."

Nikainuka polepole, mkono kiunoni, nikaendelea na njia. Yale makochi ya velveti yalibonyea zamani, tukayatupa. Mume nimemzika, watoto wako mbali, na nimechoka, rafiki yangu, nimechoka kweli. Kiti cha siku hii kilikuwapo. Nilikipikia pilau nilipokuwa sijui kuchoka ni nini.