Jiwe Mbele ya Mahakama

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyochemshwa ndiyo iliyotupokea katika mji ule mdogo wa Kentucky, na hadi leo sijaisahau. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, shule zimefungwa kwa kiangazi. Mama alikuwa amepata kazi katika kiwanda cha kuku, tukahama kutoka Louisville sisi wawili tu, na mzee mmoja wa kanisa la pale akatupangisha nyumba.

Mji ulikuwa makao makuu ya kaunti, lakini ungeweza kuumaliza kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Barabara tatu zilipanda kilima kutoka mashamba ya mahindi na tumbaku, zikakutana kwenye uwanja wa mahakama, jengo la matofali mekundu na nguzo nyeupe. Kuuzunguka uwanja kulikuwa na benki ya kale, gereza la mawe lisilotumika tena, na nyumba kubwa zenye vibaraza vipana. Sisi wa kiwandani tuliishi bondeni, kati ya reli na mto uliobeba povu la kijivu. Jua likichoma, uvundo ulipanda hadi juu, na wenye vibaraza walifunga madirisha wakitutazama kana kwamba uvundo huo tuliuleta sisi kutoka Kongo.

Jumamosi moja kanisa liliandaa matembezi ya kuonyesha majengo ya kihistoria. Aliyetuongoza alikuwa mke wa mwenye nyumba wetu, mwanamke wa sauti laini aliyemwita kila mtu “mpenzi”. Mbele ya mahakama palikuwa na jiwe pana, limelainika juu. Akanishika mkono, akanipandisha, akainua simu anipige picha.

“Watoto wote hupigwa picha hapa,” alisema. “Hapa palikuwa soko.”

Mama hakujua Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Nikamweleza.

“Bon, sawa, walikuwa wanauzisha nini? Muulize.”

Nikauliza. Yule mwanamke akashusha sauti, tabasamu likabaki palepale. “Watu, mpenzi, walisimamishwa juu ya jiwe hili. Lakini ni zamani sana, na familia za hapa ziliwatunza vizuri watu wao.”

Nilipotafsiri, mama alinivuta kwa nguvu hadi kiatu kikanitoka. Akakiokota, akapangusa soli kwa ncha ya kitenge chake, kama aliyeona nimekanyaga kinyesi.

“Mwambie, kule milimani kwetu pia kuna mahali watu waliuawa. Tukipita pale tunanyamaza. Hatupandishi mtoto juu tumpige picha.”

Nikayasema yote, sikupunguza neno. Yule mwanamke akamnyooshea mama gilasi ya maji ya limau. “Kunywa kwanza, jua kali.” Mama akaipokea, akaimwaga yote kwenye nyasi.

Siku chache baadaye mume wa yule mwanamke alibisha hodi, akasema nyumba inahitajika kwa ajili ya ndugu yake. Aliongea akitazama viatu vyake. Mfanyakazi mwenzake mama akaturudisha Louisville kwa gari lake. Njiani nilimuuliza mama kama anajuta.

“Kuku wanachinjwa kila mahali,” alijibu, akalala.

Leo mama anaishi Buffalo, upande wa West Side, na mimi niko Whitehall, nje kidogo ya Columbus. Mwaka huu, nikielekea harusini Louisville, niliacha barabara kuu mpya inayoukwepa mji ule, nikapanda kilima kwa gari pamoja na binti yangu. Kiwanda kimefungwa, mto unang’aa. Gereza limekuwa nyumba ya wageni. Wapenzi hulipa kulala ndani ya seli, na milangoni pametundikwa maua. Vibao vipya vinamtaja fundi aliyejenga kila ukuta. Nilivisoma vyote kupitia dirisha la gari, sikuona jina hata moja la mtu aliyeuzwa. Utotoni nilichukizwa na uvundo. Sasa kilichonitia kinyaa ni usafi wenyewe.

Mzee mmoja aliyekuwa akimwagilia maua alitusogelea, mpole kweli. “Karibuni,” alisema. “Mji wetu haujabadilika hata kidogo.”

Alisema kwa fahari. Binti yangu alikuwa ameshafungua mlango wa gari ashuke, nikamwambia aufunge.