Siku Mjomba Alipofungwa Kwenye Ubao

Mjomba wangu alimsimamisha kaka yangu mara tatu. Nilikuwepo, nikahesabu. Kisha nikawauliza wengine wawili waliokuwepo, kila mmoja peke yake, kama ninavyolipekua robota la mitumba kabla ya kulikubali. Wote walisema tatu.

Ilikuwa miaka ya tisini, msimu wa kupogolea mikorosho, kijijini kwetu upande wa Malolo. Kaka alikuwa juu na panga, mimi chini nakusanya matawi. Tawi alilokanyaga likaachia, akatua kwa mgongo. Nilipomfikia alikuwa anaguna, na vidole vya mguu wake wa kushoto vilikuwa vinacheza. Niliviona kama ninavyoiona kalamu hii.

Mjomba akaja mbio kutoka shamba la pili, vibarua wake wawili nyuma yake. Kwetu mjomba ndiye mwenye sisi. Baba akitaka kumwoza binti, lazima apite kwake kwanza, na akisema jambo hakuna anayemuuliza mara mbili.

"Msimamisheni," akasema. "Aliyeanguka haachwi alale, damu italala naye."

Wakamsimamisha. Kaka akapiga yowe, akaporomoka.

"Tena."

Akaporomoka.

"Mnamshika kama mnaiba kuku. Tena."

Mara ya tatu hakupiga yowe. Wakasema anapata nafuu. Wakamkalisha kwenye keria ya baiskeli, nyuma, wakamfunga kwa kitenge changu mgongoni mwa mwendeshaji, wakamsukuma hivyo hivyo, kichwa kinayumba, hadi barabarani kwenye lori la kwenda Nachingwea.

Hospitali, mganga alimchoma nyayo kwa sindano, moja, kisha nyingine. Kaka akauliza ni lini wataanza kumchoma. Mganga akanitoa nje.

"Nani alimkalisha huyu?"

"Alianguka mtini."

"Sijauliza habari za mti."

Nikamweleza yote, pamoja na vidole. Akavua miwani akaifuta kwa koti.

"Basi labda uti wa mgongo ulikuwa bado mzima," akasema. "Labda."

Niliichukua hiyo labda nikarudi nayo nyumbani. Kaka sikumwambia. Nilijidanganya kwamba namhurumia.

Mjomba, kwa upande wake, alipata hadithi. Kila arusi, kila hitima, kila vijana wanapotoka jandoni: "Huyu bila mimi mngemzika." Watu walitikisa vichwa kukubali. Kaka naye, kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu ya kuzungusha kwa mikono, alitikisa kichwa, na mbaazi za kwanza za kila mavuno akampelekea mwokozi wake. Kwa miaka minane niliisikia hadithi hiyo mara thelathini na moja. Huenda thelathini na mbili, maana ile ya kwenye maulidi nilifika imeshaanza.

Miaka ya elfu mbili ilipoanza nilikuwa nauza mitumba kwenye magulio. Siku moja nesi alisimama mbele ya meza yangu na kipaza sauti chenye betri zinazokata roho. Hospitali ilikuwa inawatuma manesi vijijini kufundisha habari za majeraha: kuanguka mtini, kuungua, ajali za baiskeli, namna ya kumbeba mtu aliyeumia. Kijiji cha Chiola walipata watu saba, na wawili kati yao walikuwa wanapita tu.

"Njoo kwetu, watu nitakuletea," nikamwambia. "Ila wa kulala awe mfano wa majeruhi namchagua mimi."

"Hilo halina shida."

"Na habari za mgongo zianze, kabla ya kuungua."

"Dada, mbona unapatana bei na bidhaa yenyewe hujaiona?"

"Naijua."

Siku ilipofika nilihesabu watu mia moja na kumi na wawili kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji. Nikahesabu tena, wakawa mia na kumi na watatu. Mjomba alikuwa amefika.

"Mjomba, sista anataka mtu mzima," nikamwambia. "Anayewajua majeruhi."

Akaweka kofia yake sawa. Akalala kwenye ubao wa kubebea majeruhi, nasi tukamfunga kwa vipande vya shuka: paji la uso, kifua, kiuno, mapaja, vifundo. Mafundo nilifunga mimi. Kaka nilikuwa nimemweka mstari wa mbele, ili mjomba amsikie akipumua.

"Mzee," nesi akauliza, "umewahi kumhudumia mtu aliyeanguka?"

Hapo ndipo nilipokuwa napataka. Mjomba akaisimulia yote akiwa anatazama mawingu, na zile mara tatu akazitaja mwenyewe, kwa fahari.

"Kabla hujamsimamisha, miguu ilikuwa na uhai?"

"Ilikuwa nao. Vidole vilikuwa vinacheza, nikaviona. Ndiyo nikajua huyu wa kusimama."

Hilo sikuwa nimelihesabu. Miaka yote nilidhani nimeviona peke yangu.

Nesi hakujua anazungumzia nani. Alisema polepole, kwa sauti ya darasani, kwamba mfupa wa mgongo ukivunjika unaweza kuwa bado haujaukata uti. Ukimwinua mtu, ncha ya mfupa inaukata, na hapo miguu imekwenda. "Wengi tunawapoteza hivyo, mzee. Mikononi mwetu wenyewe."

Nilimtazama mjomba. Hakuweza kugeuza kichwa, nilikuwa nimelikaza lile fundo la paji. Machozi yakamshukia masikioni, nami nikayatazama bila haraka, kama mtu anayekula muwa.

"Kumbe vilikuwa vinacheza," kaka akasema.

Akageuza baiskeli yake kunielekea mimi, si mjomba.

"Wewe si ulikuwa chini ya mti?"

"Nilikuwepo."

"Ukaviona?"

"Niliviona."

"Miaka minane unajua, halafu unakuja kuniambia mbele ya watu wote hawa."

"Nilitaka aseme yeye."

"Amesema. Haya, mfungue."

Nilianzia miguuni. Nesi akachukua mkasi akakata mafundo mengine, maana aliona sina haraka.

Mjomba hakuisimulia tena ile hadithi, na hilo nililitaka, nikalipata lote. Kesho yake alikwenda kwa kaka akakaa kizingitini tangu asubuhi hadi adhuhuri. Walichozungumza sijui. Mbaazi za msimu uliofuata kaka alimpelekea mjomba kama kawaida, debe lile lile, akapita mbele ya mlango wangu akizungusha kwa mikono, bila salamu.

Nikiulizwa, mjomba ningemfunga tena hata leo. Kaka ndiye sikupaswa kumweka mstari wa mbele.