Mapokezi Yangu Old Moshi

Jamani, haya yalinipata Jumamosi na bado masikio yananiwaka. Mimi ni mpiga gitaa wa Majengo na mtangazaji wa redio ndogo hapa Moshi. Meneja wangu alitaka kukifuta kipindi changu, eti hakina wasikilizaji. Nikamwambia nitapanda Old Moshi, niimbe hewani moja kwa moja kutoka kijijini, asikie mwenyewe ninavyopendwa.

Niliposhuka kwenye bodaboda, gitaa mgongoni, nilikuta umati barabarani! Akina mama wakapiga vigelegele, kwaya ikaimba, vitenge vikatandikwa mbele ya viatu vyangu. Nikapiga simu studio, wakaniunganisha hewani.

"Wasikilizaji, sikieni wenyewe!" nikapayuka. "Old Moshi nzima imetoka kunipokea!"

Nikatembea juu ya vitenge nikipunga mikono kama rais. Mama mmoja akanikabidhi mtoto wake mchanga. Nikambusu, nikatabasamu ili tupigwe picha. Watu wote wakainamisha vichwa na kufumba macho. Nikasema moyoni, heshima gani hii!

"Shikamoo bibi," nikamwambia mzee aliyekuwa mbele, nikimsogezea simu. "Waambie wasikilizaji, mnakipenda kipindi changu?"

"Marahaba. Kipindi gani? Wewe si mchungaji wetu mpya? Tunasubiri utubariki."

"Hapana bibi, mimi ni yule wa redio!"

Bibi akaitazama simu, akawatazama wenzake, kisha akanishika bega kwa huruma, huku meneja wangu na mji mzima wakisikia:

"Pole, mwanangu. Redio za huko mjini huku hazishiki."