Orodha Iliyokataa Kusomwa Mara ya Pili

Miaka ile viwanda vya Tanga vilipokuwa vikiuzwa kimoja baada ya kingine, nilipata kibarua katika chama cha wafanyakazi waliopunguzwa kazini. Kutengeneza tovuti nilijifunza kwenye vitabu vya kuazima. Kazi yangu ilikuwa kuweka mtandaoni orodha ya familia zilizokuwa bado zinaishi kwenye nyumba za kiwanda kule Nguvumali, wanasheria wa Dar es Salaam waione kabla mnunuzi hajaanza kuwatoa watu.

Majina na namba za nyumba viliingizwa kwenye kompyuta na mama mmoja, karani wa zamani wa kiwanda. Watu walininong'oneza kuwa mnunuzi ni mkwewe. Nikaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni.

Ukurasa wangu ulitakiwa kuonyesha majina juu, na chini namba za nyumba za watu walewale. Nilipoufungua, majina yalikuja yote. Chini, patupu.

"Shikamoo mama," nilimwambia asubuhi hiyo. "Namba za nyumba umezifuta?"

"Marahaba. Nizifute mimi?" Akavua miwani. "Mwanangu, nyumba yangu mwenyewe imo humo. Sema unachotaka kusema."

"Watu wanasema mnunuzi ni mkweo."

Alichukua mkoba wake akaenda zake Makorora kwa dadaake, nami nikabaki nikipekua kila alichogusa. Namba zote zilikuwamo kwenye kanzidata, ghala la kumbukumbu ndani ya kompyuta. Hata hilo halikunituliza; nilidhani amezirudisha kwa siri.

Adhuhuri nikageuza mpangilio: nyumba juu, majina chini. Nyumba zikaja zote. Majina yakapotea.

Kumbe kosa lilikuwa langu. Programu yangu ilikuwa ikisoma orodha mstari kwa mstari hadi wa mwisho, kisha ikabaki palepale. Nilipoitaka isome tena ili ijaze sehemu ya chini, mbele yake hapakuwa na kitu. Ilihitaji amri moja tu ya kuirudisha mstari wa kwanza. Nikaiandika, vyote vikaonekana.

Nilimfuata Makorora jioni ileile kumwomba radhi. Tulizungumza mlangoni.

"Nimekusamehe," alisema, wala hakunikaribisha ndani.

Wanasheria waliipata orodha kwa wakati. Kama kweli mnunuzi alikuwa mkwewe, sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba tangu siku hiyo, kila aliponipa karatasi, hata ikiwa tupu, alinitaka nitie saini kwanza kuwa nimeipokea ilivyo.